Ubao wa mizimu kwenye jiokeshi: fumbo la mezani, la mbao au la umeme?

Chukua ubao wa mizimu, ule wa Ouija wenye herufi zilizopangwa kwa matao mawili, ambao watu huweka vidole kwenye kielekezi chake na kungoja kipite herufi kwa herufi kana kwamba pepo anajibu. Uuweke mezani na uutazame bila woga. Tao la juu linaanza na A na kuishia M. Tao la chini linaanza na N na kuishia Z. Kumi na tatu juu, kumi na tatu chini. Mcheza jiokeshi mzoefu atashtuka hapo hapo, maana hilo ni jedwali lile lile la ROT13 ambalo tovuti ya mchezo huo, Geocaching.com, hulitumia kuficha kidokezo cha kila kasha: A hugeuka N, N hugeuka A, B hugeuka O, na kadhalika. Waliouchora ubao huo Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 hawakuwa na habari na GPS, lakini walituachia ufunguo tayari umechongwa.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu huficha chombo, hutangaza latitudo na longitudo zake kwenye mtandao, na wengine hukitafuta kwa GPS, husaini daftari lililomo na kukirudisha palepale. Ulianza tarehe 3 Mei 2000 Dave Ulmer alipoweka ndoo porini Oregon, siku moja tu baada ya Marekani kuacha kuvuruga makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Chombo chenyewe nitakiita kasha, neno tulilo nalo tangu zamani na linalofaa kwa sauti na kwa maana. Kasha la fumbo kwa kawaida ni lile ambalo namba zilizotangazwa ni za uongo. Za kweli unazipata kwa kufumbua.

Nimechagua Baltimore kama mfano kwa sababu ndiko ubao huu ulikozaliwa, na mji wenyewe umejaa vituo vya kutumia. Kennard Novelty Company ilianza kuuza mbao hizo mwaka 1890. Hataza ilitolewa kwa jina la Elijah Bond tarehe 10 Februari 1891. Inasimuliwa kwamba jina Ouija lilitajwa na ubao wenyewe katika nyumba ya wapangaji ya 529 North Charles Street, Helen Peters, shemeji yake Bond, akiwa ameushika. Walipouliza maana yake, ubao ukajibu kuwa ni bahati njema. Leo mahali hapo pana duka la 7-Eleven lenye bamba la kumbukumbu ukutani. Bond alifariki mwaka 1921 akazikwa Green Mount, kaburi likakaa miaka mingi bila jiwe. Jiwe lililopo sasa limechongwa ubao kamili mgongoni.

Najua unachofikiria. Usiliweke kasha makaburini. Kituo cha kusoma maandishi mchana, kwa ruhusa ya wenye eneo, huenda kikakubaliwa. Chombo kilichofichwa kati ya makaburi ni kutafuta ugomvi na wafiwa, na walinzi, na mhakiki anayepitisha makasha.

Swali basi ni hili: fumbo lako likae wapi? Kwenye ukurasa wa mtandao, kwenye ubao wa mbao unaoshikwa kwa mkono, au kwenye nyaya?

Fumbo la mezani

Hapa kila kitu kiko kwenye ukurasa wa kasha: picha ya ubao, hadithi fupi ya kutisha, na maneno ya pepo. Mtafutaji hufumbua akiwa nyumbani na chai yake, kisha huenda moja kwa moja mahali penyewe na kukuta chombo cha kawaida tu. Kwa fedha na kwa matunzo hakuna kinachoshinda njia hii. Mvua hailowanishi fumbo. Kasha likiibwa unaweka jingine, na fumbo linabaki lilivyo.

Ubaya wake ni kwamba linakaribisha uvivu wa mfumbaji. Ubao una safu ya tarakimu 1 hadi 9 na 0, na wengi huishia kuchora mishale: pepo kaelekeza 3, kaelekeza 9, kaelekeza 1. Hilo si fumbo, ni imla. Wengine huchukua msimbo wowote walioukuta mtandaoni, wakapachika picha ya ubao juu yake na mshumaa pembeni. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu atang'amua. Na mwerevu huyo akishang'amua kwamba ubao haukuwa na kazi yoyote, anatoka na hasira.

Jiulize hivi: nikiondoa ubao, je, fumbo bado linafumbuliwa? Kama ndiyo, rudi mezani.

Matao mawili yanakupa kazi ya kweli ya kuufanyisha ubao. Acha pepo aelekeze herufi, lakini maana yake iwe herufi iliyo mkabala nayo kwenye tao la pili. Tarakimu zikiandikwa kwa Kiingereza, ONE inakuwa BAR, na hapo una mtego wa bure: nusu ya wachezaji watakwenda kuhesabu baa za Charles Street kabla ya kurudi kwenye ubao. Ukitaka tabaka la pili, na wewe ni mmoja wa Waswahili wengi wanaoishi Maryland, andika tarakimu kwa Kiswahili. SABA inakuwa FNON, TANO inakuwa GNAB, MOJA inakuwa ZBWN. Mchezaji atakunjua vizuri, apate SABA TANO MOJA, na adhani amekosea. Ni haki umpe fununu ndani ya hadithi, kwa mfano pepo awe nahodha wa jahazi aliyekuja na upepo wa kaskazi. Onyo moja tu: usifupishe kwa kutumia herufi za mwanzo. Tatu, tano na tisa zote zinaanza na T. Sifuri, sita na saba zinaanza na S. Moja na mbili ni M. Nne na nane ni N. Tarakimu kumi, herufi nne. Hapo hata wewe mwenyewe hutalifumbua.

Huna haja ya kuficha namba zote 15. Kanuni inataka kasha halisi liwe ndani ya kilomita 3.2 kutoka mahali palipotangazwa, kwa hiyo kila mtu anajua kwamba jibu litaanza N 39° 17 au jirani yake, na W 076° 36 au jirani yake. Kinachobaki ni tarakimu sita za mwisho, tatu kila upande. Nazo hazina uzito sawa. Kosa la moja katika tarakimu ya mwisho ya latitudo linampeleka mtu pembeni mita 1.85 tu, katika longitudo, kwa latitudo ya Baltimore, ni kama mita 1.4. Kosa la moja katika tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni mita 185 upande wa kaskazini au kusini. Kwa hiyo kama kuna neno lenye utata, liweke mwishoni, na yale ya mwanzo yawe wazi kabisa. Kisha washa kihakiki cha jibu kilichomo kwenye ukurasa, watu waache kukuandikia ujumbe saa sita za usiku.

Kwa utisho, njia hii ni dhaifu. Huwezi kumtia mtu baridi ya mgongo akiwa sebuleni na taa zote zinawaka. Jitahidi kwa hadithi, lakini usitegemee miujiza.

Ubao wa mbao

Hii ndiyo ninayoipenda. Hapa namba zilizotangazwa ni za kweli, ila zinaelekeza kwenye ubao tu. Mtafutaji anafika msituni, anafungua sanduku la chuma, na ndani anakuta ubao wenye uzito, herufi zimechomwa kwa chuma cha moto, na mkono wa kuelekezea unaozunguka. Jibu linapatikana palepale, kwa vidole.

Muundo ninaoupendekeza hauna sumaku wala betri. Kata plaiwudi ya milimita 12. Badala ya kielekezi cha umbo la moyo kinachoteleza huru, ambacho kitapotea mwezi wa kwanza, tengeneza mkono mrefu ulioshikiliwa na skrubu moja chini ya matao. Panga herufi kwa nafasi ya nyuzi 10: herufi kumi na tatu zina nafasi kumi na mbili, kwa hiyo tao zima ni nyuzi 120. Toboa madirisha mawili kwenye mkono, moja juu ya jingine, hivyo kila unaposimama unaona jozi: A na N, B na O, mpaka M na Z. Nyuma ya skrubu acha mkia mfupi. Mkono ukienda kushoto, mkia unakwenda kulia, nao unapita juu ya tao dogo la tarakimu lililo chini ya ubao. Vituo viko kumi na tatu na tarakimu ni kumi. Vitatu vinavyobaki vipe jua, mwezi na fuvu. Jua na mwezi wamo kwenye pembe za mbao za asili, kwa hiyo hutakuwa umebuni kitu kigeni.

Sasa unahitaji neno la herufi sita tu. Mchezaji akilitamka kwa mkono, mkia unampa tarakimu sita za mahali kasha lenyewe lilipo. Neno hilo lisikae pamoja na ubao. Litoke kwenye hadithi ya ukurasani, au kwenye bamba la North Charles Street, au kwenye kituo kingine cha njiani. Asiye na neno atazungusha mkono hadi jioni bila kupata kitu, na anayelipata neno hana pa kulitumia bila ubao. Jozi za herufi zina faida nyingine: A na N hutoa tarakimu moja, kwa hiyo aliyekunjua kwa ROT13 na aliyesahau kukunjua wote wanafika. Ni huruma ndogo kwa wanaofumbua wakiwa wamelowa.

Kuna wanaotumia sumaku: kielekezi chenye sumaku juu ya ubao, na chini yake, gizani, pini ya chuma inayovutwa kupita kwenye njia iliyochimbwa hadi komeo lifunguke. Inapendeza sana ikifanya kazi, na hiyo hisia ya kitu kusita na kukokota chini ya vidole ndiyo hasa wachezaji wa ubao huisimulia. Lakini mchanga ukiingia kwenye njia, kwisha. Na dira ya simu iliyowekwa juu ya sumaku kali itaonyesha kaskazini ya kwake yenyewe.

Adui wa mbao ni maji. Ubao wangu wa kwanza niliupaka vanishi usoni na mgongoni, nikasahau kingo. Plaiwudi hunywa maji kwenye kingo zilizokatwa. Ilivimba, mkono ukakwama kwenye G, na kwa wiki tatu pepo wangu alikuwa na herufi saba tu. Paka kingo mara mbili. Tumia skrubu isiyoshika kutu na nati ya kufunga isiyolegea. Baltimore baridi hugandisha maji, hivyo acha nafasi kati ya ubao na kuta za sanduku. Masanduku ya risasi ya jeshi yenye mpira wa kuziba yanafaa sana, ila futa maandishi yake ya kijeshi kabla hujaliacha mahali pa umma, na uandike wazi kwamba ni jiokeshi.

Chagua pia mahali ambapo mtu anaweza kukaa dakika kumi bila kutazamwa. Ubao kwenye mapaja ya mtu, kandokando ya njia ya watembea na mbwa, unavuta maswali. Kumbuka kwamba kuchimba shimo la kufukia bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi hakuruhusiwi, na kwamba kasha lisikaribie jingine chini ya mita 161.

Na hapa niseme jambo moja kwa wenzetu wanaocheza Kenya na Tanzania, ambako makasha yapo. Marekani ubao huu ni mchezo wa dukani. Haki zake kampuni ya michezo ya Parker Brothers ilizinunua mwaka 1966 na leo ziko mikononi mwa kampuni ya Hasbro. Kwetu pepo ana kiti chake na ngoma yake, na mpiga ramli huendewa kwa shida ya kweli. Ubao wenye herufi zilizochomwa na fuvu, ukiokotwa kichakani pembezoni mwa kijiji cha Tanga au Kilifi, hauwezi kueleweka kama mchezo, na lawama inaweza kumwangukia bibi asiyehusika kabisa. Huko, fumbo liishie mezani.

Ubao wa umeme

Vifaa ni bei nafuu na video za mafunzo ni nyingi, ndiyo maana kila mwaka kabla ya Halloween, sikukuu ya vitisho ya mwisho wa Oktoba, kuna anayeanza mradi huu na kuuacha. Wazo ni zuri: kielekezi kina sumaku, chini ya herufi kuna swichi za sumaku, na kibao kidogo cha kompyuta kiitwacho Arduino kinasubiri mfuatano sahihi. Ukiandika neno, taa inawaka na namba zinatokea. Mchezaji hagusi kitufe chochote. Kwa utisho hakuna cha kulinganisha.

Kikwazo cha kwanza ni hesabu. Herufi 26 na tarakimu 10 ni swichi 36, lakini Arduino Uno ina pini 20 tu za kuingizia. Unaweza kuzipanga kwa safu sita na nguzo sita, zikatosha pini 12. Au fanya jambo la akili zaidi: weka swichi chini ya herufi za neno lako peke yake, na chache za uongo. Herufi nyingine zibaki mbao tupu. Nani atajua?

Kikwazo cha pili kinaua miradi mingi. Arduino Uno iliyowashwa muda wote hunywa takriban miliampia 45 hata ikiwa haifanyi chochote. Betri nne za AA zitaisha ndani ya siku mbili hivi. Unaweza kutumia chipu peke yake na kuilaza usingizi, ikanywa kidogo sana, lakini hilo linataka fundi. Njia rahisi ni kumwambia mchezaji aje na betri yake ya volti 9, uache vishikizo nje ya sanduku, na uweke alama ya kifaa maalumu kwenye ukurasa. Ukifanya hivyo, usitegemee mota ya kufungua komeo. Mota hutaka mkondo mkubwa kwa ghafla na betri ya volti 9 haiwezi. Utasikia mota ikitetemeka na kunyamaza, na mchezaji atadhani amekosea neno. Taa za LED au skrini ndogo zinatosha.

Kikwazo cha tatu ni polisi. Sanduku, nyaya, betri, kichakani, Marekani. Makasha ya kawaida yasiyo na waya hata mmoja yamewahi kuitiwa kikosi cha mabomu. Kama utatengeneza la umeme, liweke kwenye uwanja wa mtu mwenye duka, maktaba au bustani aliyekupa ruhusa na anayelijua kwa sura, lenye upande wa kuonekana ndani na maandishi makubwa nje.

Matunzo: utaitwa. Unyevu, kutu, programu inayoganda. Usiwe mbali.

Lile la usiku

Wino usioonekana na tochi ya UV, kama ile ya kukagulia noti bandia, vinapatana na mada, ila jua hufuta wino huo upesi. Uandike ndani ya kifuniko. Bustani nyingi hufungwa jua likizama, kwa hiyo soma kibao cha getini kwanza.

Uchague lipi

Kama hili ni kasha lako la kwanza la fumbo, au unaishi zaidi ya nusu saa kutoka mahali utakapoficha, usijisumbue: la mezani, kwa matao mawili, na tumia nguvu zako zote kwenye hadithi. Ubaya wake wa kukosa utisho unavumilika. Ubaya wa kasha lililoharibika na lisilotengenezwa hauvumiliki, na mhakiki atalifunga.

Kama una useremala kidogo na msitu wenye ruhusa karibu na nyumbani, tengeneza la mbao. Baina ya hilo na la umeme sioni shaka. Watu hudhani mashine itatisha zaidi. Lakini mwaka 1853 mwanasayansi Michael Faraday alionyesha kwamba meza za kuita roho zilisukumwa na mikono ya waliokaa kuizunguka bila wao kujijua, na mwaka mmoja kabla yake daktari William Carpenter alikuwa ameshaeleza jinsi misuli inavyotii fikra pasipo mtu kukusudia. Utisho wa ubao huu uko kwenye vidole. Mkono wa mbao unaokwaruza taratibu jioni ya Oktoba unawapa vidole kazi. Taa ya LED inawapa macho jibu. La umeme ningemwachia mwenye duka anayelitazama kila siku na anayejua kuuguza waya.

Unaweza pia kuchanganya: neno litoke mezani, tarakimu zitoke kwenye mbao. Mimi ningefanya hivyo. Ugumu wa fumbo ukadirie kwa uaminifu, tatu au tatu na nusu kati ya tano, na kichwani usitumie jina la Ouija. Ni alama ya biashara, na matangazo ya biashara hayaruhusiwi kwenye ukurasa wa kasha, kwa hiyo unaweza kurudishiwa.

Imebaki nafasi ya kuandikia kidokezo. Ukurasa hukigeuza kwa ROT13 chochote unachoandika hapo, na programu ya simu hukionyesha kikiwa kimeshafunguliwa. Basi kiandike kikiwa tayari umekigeuza kwa ubao wako. Kwenye ukurasa kitasomeka wazi kabla ya kubonyezwa, kisha mtu akibonyeza kukifungua kitavurugika mbele ya macho yake. Kwenye simu, pale msituni, mtu ataona FUVAN YN ZGV tu, na kitu pekee cha kumsaidia kitakuwa ule ubao ulio mapajani mwake.